Kuhusu Ndoo za Bati Zisizovunjika

Mkunya, mwanzo wa kiangazi

Kwa Mjomba Hamidu, mwenye duka Newala,

Shikamoo Mjomba. Sisi hatujambo. Nakuandikia kwa sababu nikisimama mbele yako maneno hunikaukia mdomoni. Nimemaliza shule Masasi juzi tu, na naona haya kuanza kuitumia elimu yangu kwa kulalamika, lakini ndoo zako zinamuumiza dada yako, yaani mama yangu.

Kwetu mjomba ndiye mlezi wa dada yake na wanawe, kwa hiyo sina mwingine wa kumshtakia. Vita na Wajerumani vilipoisha, waliovikimbia walirudi bila chombo cha maji. Mama akafinyanga mitungi hadi ua ukajaa. Ndipo ukaleta ndoo za bei rahisi kutoka Lindi. Sasa mitungi imekaa tu, na jirani yetu Mama Muharami akipita hupaza sauti: "Mama Yuliana wee, kuku wako wamepata majumba!"

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ndoo zako hazivunjiki. Maji yetu yako bondeni, na mteremko ule ulikuwa ukitulisha. Mwanamke aliyeteleza alilia kidogo, kisha akaja kwetu. Siku hizi akiteleza, ndoo inabingirika naye anaifuata akicheka. Huo si uungwana.

2. Ni nyepesi mno. Wanawake hufika nyumbani mapema, na waume zao wamegundua kuwa wake zao wana nafasi ya kulima shamba la pili.

3. Kitako chake kina maandishi ya Kijerumani. Wenye boma wakisema bati ni lao, basi na maji yaliyomo ni yao, tutawajibu nini? Mtungi wa Mama hauna maandishi, na hakuna aliyewahi kuutoza kodi.

4. Mwalimu Cuthbert alitufundisha kwamba huko Ulaya watoto wadogo husimama kwenye mitambo tangu alfajiri, ndiyo maana vitu vyao huja kwa bei rahisi. Nadhani watoto hao hawana wajomba.

Kwa hiyo naomba kwa heshima: kabla ya kuuza ndoo yoyote, itoboe kitako kwa msumari. Tundu dogo tu, mteja asikwazike. Ukiona hiyo ni dhambi, basi wauzie wanaume peke yao, kwa sharti kwamba anayenunua aibebe mwenyewe hadi bondeni na kurudi. Nina hakika haitapita wiki kabla Newala nzima haijakubali kwamba ndoo ni kitu kibaya.

Nisalimie mkeo Mama Zena, watoto wote, na hata wateja wako, ambao nawaombea wajue kuona haya.

Ni mimi mpwa wako mtiifu,
Yuliana

Baada ya sahihi: Nimemsomea Mama barua hii. Amecheka hadi udongo ukamponyoka mikononi, kisha akaniuliza ni nani aliyenituma kumsemea. Anasema udongo haukandwi bila maji, na maji hayo huyapandisha yeye. Mtungi mtupu tu ni mzito kama mtoto wa kubebwa mgongoni, na aliyeufinyanga ndiye anayejua. Anaomba ndoo moja kubwa. Nimemwambia kwamba mimi siwezi kushiriki aibu hiyo. Yangu iwe ndogo.