Nguruwe Waliokula Ukuta wa Charo

Famau, wenzake wa barazani walimwita Gazeti, kwa kuwa husoma hata karatasi iliyofungiwa sukari. Asubuhi hiyo aliimwaga habari yake kabla kahawa haijamfikia.

"Jamani! Huko bara watoto wa nguruwe wapewa madini. Wakiachishwa ziwa tu, watiliwa chakulani!"

"Madini gani? Dhahabu?" aliruka Bwanamkuu. Huyu huitwa Kadhi, ingawa kesi pekee aliyowahi kuamua ni ya wake zake wawili, na alishindwa.

"Chuma, shaba na chumvi ya mawe. Yameandikwa hapa."

"Astaghfirullah! Mimi mamangu aliniachisha ziwa kwa shubiri na kofi, leo nguruwe apewa shaba! Hata sufuria za kwangu hazina shaba!"

Baraza zima la Garsen lilicheka, isipokuwa Charo. Kahawa ilikuwa inampoa mkononi. Mgiriama huyu alibandikwa jina la Padri siku aliporudi kutoka misheni na Biblia moja na nguruwe jike mmoja. Nguruwe huyo alizaa wanane, wakaachishwa ziwa. Sasa walikuwa wamebaki sita.

"Padri, mbona umenuna? Wako wala lulu?" Famau akamchokoza.

"Wangu wanakula nyumba."

"Wanakula nini?"

"Ukuta wa jikoni! Pumba hawataki, wanaguguna udongo. Masikio yamekuwa meupe kama karatasi. Mke wangu Kadii ameapa, ukuta ukianguka nitahamia bandani."

"Hiyo ni laana," Kadhi akatoa hukumu. "Mnyama najisi akila nyumba, mwenye nyumba ahame."

"Mbuzi wako alikula msala wako mwaka jana, Kadhi. Ulihama?" Famau akauliza.

Vicheko vikalipuka. Charo alitaka kucheka nao, akashindwa. Mtoto wa nguruwe wa pili kufa alimfia mapajani alfajiri ile, na jambo hilo hakuthubutu kulitaja mbele ya watu hawa.

Ndipo Jaldesa akakohoa. Muorma huyu mwenye ng'ombe wengi walimwita Bubu. Akitoa maneno matatu kwa wiki, basi kanena sana.

"Ngombe yangu ikila ukuta, mimi napeleka kwa udongo nyekundu, kule mbali na mto. Iko chumvi. Nalamba, napona."

Kadhi alisimama ghafla hata kofia ikamtoka. "Bubu! Wamfundisha mtu kulisha nguruwe?"

"Mimi nasema ngombe."

Akaokota fimbo yake, akaondoka. Charo akaiacha kahawa, akaazima gunia dukani, akamkimbilia.

Udongo ule aliutandaza bandani kwa mikono yake. Kwa mmoja ulikuwa umechelewa, akafa. Watano wakalamba, wakalamba tena, na siku ya nne wakaanza kupigania pumba kama watu kwenye karamu. Wiki mbili baadaye masikio yalikuwa yamerudia wekundu wake, na Kadii akakandika ukuta huku akiimba.

Charo alirudi barazani, akamwagizia Jaldesa kahawa na tende. Kadhi akamkazia macho Muorma.

"Sema kweli mbele ya Mungu. Umemtibu nguruwe?"

Jaldesa alimaliza kahawa yake bila haraka, akapangusa midomo.

"Mimi nimeonyesha Charo udongo. Kama Charo nakula mwenyewe, mimi sijui."

Kadhi akamgeukia Charo, akayachunguza mashavu yake kwa muda mrefu.

"Kweli amenawiri," alisema, kisha akamwinamia Jaldesa akanong'ona. "Huo udongo uko upande gani?"