Omena wa Nyasuguta na Kifua Changu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimekohoa tena mbele ya watu. Nilitia chumvi kidogo, lakini pumu ninayo kweli. Nyasuguta ana sehemu bora ya kuanika omena, hawa dagaa wetu wa ziwani, hapa Muhuru Bay. Wanunuzi wakifika tu, wanamkuta yeye. Mimi niko nyuma, karibu na vyoo! Nimemwambia Levis, mwenyekiti wa ufuo, kwamba omena wa huyo mama wananiua. Akasema nilete neno la daktari, atamhamisha, mimi nichukue pale. Kwani kukohoa hakutoshi?

Jumatano, 5 Machi

Hospitalini, Homa Bay. Nimetolewa damu. Nimechokorwa puani kwa kijiti cha pamba mpaka machozi. Daktari Trizah akauliza kama navuta inhela, ile dawa yangu ya pumu, kila siku. Nikasema sana. Haijafunguliwa hata. Naitunza isiishe.

Jumatano, 12 Machi

Majibu. Nilienda na Nyasuguta makusudi, asikie kwa masikio yake. Hata chai nilimnunulia, maskini. Daktari akasema damu yangu haina ugomvi wowote na omena. Ati kuna bakteria wanaishi puani mwangu, wanatoa sumu, na mwili wangu umeichukia sumu hiyo. Wenye hali hiyo wengi hukutwa na pumu, ingawa wataalamu bado wanachunguza kama ndiyo chanzo. Nivute inhela bila kukosa. Nyasuguta alicheka akashika ukuta. Akaniuliza kama wageni wangu wa puani wanahitaji blanketi. Aibu gani hii!

Alhamisi, 13 Machi

Mkutano wa ufuo. Nimebadilisha mbinu. Nikadai pua zote zipimwe, na atakayekutwa na bakteria ahamie nyuma kabisa. Makofi! Levis akasema hoja imepita, na kwa bahati nzuri pua moja imeshapimwa. Wote wakanigeukia. Nyasuguta ndiye aliyepiga kigelegele. Sasa naanika omena nyuma ya vyoo. Wanunuzi hawajui hata kama nipo.

Jumapili, 30 Machi

Nimevuta inhela kila siku tangu mkutano, kwa hasira tu. Kifua shwari! Leo kanisani nimeimba mpaka Mama Millicent wa benchi la mbele akageuka kuangalia ni nani. Nimeketi nikafikiri vizuri. Nimewekwa mbali na Nyasuguta, nikapona. Daktari anataka nini tena? Ni omena wake, nilisema! Kesho asubuhi namwendea Levis. Na inhela naiacha kuanzia leo, isije ikaniharibia ushahidi.