Mbuzi wa Mtoto Ambaye Hajazaliwa

Garissa, Jumatatu, 7 Machi 1966
Jirani yangu Jelle kapata mtoto tena! Alipita dukani kunipa pole ambayo sikuiomba.
Kwetu mtoto hupewa mnyama wake siku anapokatwa kitovu. Saado, mke wangu, alimtenga mbuzi jike tangu tuoane. Mbuzi keshazaa mara mbili. Mwenyewe bado.
Siwezi kumwambia. Hawo, mke wangu wa kwanza, aliponizalia wa saba, nilikwenda Nairobi kimyakimya nikafungwa mirija ya mbegu. Vita vya hapa mpakani vilipoanza akavuka mpaka na watoto wote. Nawatamani, hata kelele zao.
Daktari yuleyule anasema anaweza kujaribu kuiunganisha. Lakini kwa vita hivi, bila kibali cha serikali hakuna kuvuka mto Tana kwenda Nairobi.

Jumatano, 9 Machi
Mpango! Nilimwambia karani wa vibali nina ngiri, ya kutibiwa Nairobi tu. Akanipeleka kwa dresa wa zahanati ya hapahapa. Dresa akasema hiyo ni kazi ndogo, akaanza kunoa kisu. Nilitorokea dirishani. Jelle aliniona.

Jumamosi, 12 Machi
Mpango wa pili: napeleka ng'ombe Nairobi. Askari wakataka kuwaona. Nikawaonyesha wa Jelle. Jelle akatokea. Nimelala kituoni.

Jumatatu, 14 Machi
Saado kaenda ofisini mwenyewe. Karudi na kibali cha mgonjwa na mumewe. Mgonjwa ni yeye! Kawaambia hazai, mbele ya foleni nzima.
"Kosa ni langu, Guleid," alisema. "Wewe una saba."
Wallahi nilifungua mdomo niseme. Nikaomba chai.

Nairobi, Alhamisi, 24 Machi
Daktari wa kina mama kamwambia Saado hana kasoro yoyote. Alilia kwa furaha, peke yake. Mimi nilikuwa mtaa wa pili, nashonwa.
Daktari wangu hakuahidi kitu. Kasema nisubiri miezi, na nimwambie mke wangu. Kusubiri nimekubali.

Garissa, Jumatano, 6 Aprili
Saado aliuliza mbona natembea hivi. Nikasema nilianguka kwenye lori. Ananikanda mgongo, maskini, mahali pasipouma.
Leo kamfunga yule mbuzi kengele mpya. Kila ikilia, moyo unaniruka. Namtaka mtoto wa kike, acheke kama mamake.
Nimeapa sitamficha tena jambo, mtoto akishazaliwa. Tukifikisha watano, daktari namjua na njia naijua. Saado hana haja ya kusumbuliwa.