Chuo Chetu Chahamia Atlantiki

Idara ya Michezo ya Chuo cha Hessler ina furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba, kuanzia msimu huu, chuo chetu kiko pwani ya Atlantiki. Majengo hayajasogezwa. Yapo pale pale, mashariki ya jimbo la Washington, katikati ya vilima vya ngano na dengu, na ukipanda paa la bweni unaliona tangi la maji la majirani zetu wa Chuo cha Tolbin, ng'ambo ya mpaka wa Idaho. Kilichohama ni mpangilio, yaani ligi tunayochezea. Na mpangilio, kama nilivyowaeleza waandishi wa habari, hauonekani kwa macho.

Mimi ni Randall Ostby, Msaidizi wa Naibu Mkurugenzi anayeshughulikia Mpangilio Mpya. Cheo hiki hakikuwepo zamani, na sasa tunashangaa tuliishije bila hicho. Kazi yangu ni kuhakikisha kila mchezo unaufuata Mpira. Nikisema Mpira namaanisha ule wetu wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mabega yaliyojazwa sponji. Umoja wa Vyuo vya Atlantiki uliualika Mpira wetu kwa sababu ya televisheni. Michezo mingine haikualikwa, lakini haifai kuiacha nyumbani, watu watasema tunabagua. Ndipo nikaandika Kanuni ya Saba: "Michezo yote ya chuo itaufuata ule unaotazamwa na watu wengi zaidi." Sikuona haja ya kuutaja Mpira kwa jina. Nani asiyejua?

Utekelezaji umekwenda vizuri mno. Wachezaji wa Mpira husafiri mara chache, kwa ndege yao yenye viti vya kulala. Wengine husafiri kila wiki, kwa ndege ya watu wote. Waogeleaji wetu wamegundua kwamba maji ya Boston yanalowanisha sawasawa na ya hapa. Wanamieleka wamezoea kupima uzito kwenye mizani ya mizigo. Wakimbiaji wa mbio za nyika wamekwenda mbali kuliko kizazi chochote kabla yao, tena wakiwa wameketi.

Waliotaka kutuharibia ni mabinti wa mpira wa wavu. Nahodha wao, Solveig Tangen, binti wa mkulima wa dengu, aliingia ofisini kwangu siku ambayo Mkurugenzi wa Michezo, Dk. Preston Whitlock, alikuwa pale akinywa kahawa yangu.

"Bwana Ostby, naulizia mechi yetu na Tolbin. Siioni kwenye ratiba."

"Huioni kwa sababu haipo. Tolbin wamejiunga na Umoja wa Ghuba. Wao sasa wako Ghuba ya Meksiko, sisi tuko Atlantiki. Ni mbali sana, binti."

"Bwana Ostby, mimi tangi lao naliona nikipiga mswaki."

"Hilo ni tangi. Mimi naongelea mpangilio."

Hakuondoka. "Huu ndio mwaka wangu wa mwisho. Mama yangu hajakosa mechi hii tangu alipokuwa anaicheza mwenyewe, na huko Atlantiki hawezi kwenda, ana shamba. Halafu mwaka jana walitufunga. Marisol Arreguín, yule nahodha wao, alikula pankeki zangu huku ananitolea macho mpaka akalegeza mkanda. Ndiyo mnataka nimalize chuo hivyo?"

Nieleze kidogo, maana ni mila ya kizamani isiyo na hata mdhamini. Asubuhi baada ya mechi ya Hessler na Tolbin, timu iliyofungwa huvaa aproni na kuwakaangia pankeki watu wa mji ulioshinda, kwenye kituo chao cha zimamoto. Aliyeiandaa mechi huosha vyombo. Mila haisemi zaidi ya hapo, ila vyombo huwa ni vingi.

Dk. Whitlock aliweka kikombe chini. "Binti, dunia imepanuka, wewe bado uko kwenye pankeki. Mpira unakwenda Atlantiki, nyie mnafuata. Kama viti ni vigumu, njooni na mito yenu."

"Kwa hiyo haiwezekani kabisa?"

"Kucheza nje ya Umoja ni marufuku," nikamjibu, "isipokuwa kwenye uwanja usio wenu wala wao. Kanuni ya Kumi na Moja." Hiyo niliiandika ili Mpira uweze kuchezwa visiwani wakati wa baridi, na sisi viongozi tukausindikize.

Solveig alinishukuru kwa adabu nyingi kupita kiasi. Ningeshtuka pale pale, lakini nilikuwa nafurahi kuona kanuni zangu zinasomwa.

Bonde letu lina kiwanja kimoja cha ndege, kipo mpakani kati ya miji hii miwili, na hakuna chuo kinachokimiliki. Mabinti wa Hessler waendao Atlantiki na mabinti wa Tolbin waendao Ghuba hupanda ndege ile ile ya asubuhi. Huazimana chaja, hulaliana mabegani mpaka Denver, kisha hugawanyika. Watu waliopigwa marufuku kucheza pamoja walikuwa wanaonana kuliko mke na mume. Nililiona hilo kwenye ratiba, nikaona halina madhara.

Ikafika Jumamosi kubwa ya Novemba. Mpira wetu ulikuwa unapokea timu maarufu kutoka Atlantiki. Televisheni ilileta magari yake. Rais wa Umoja mwenyewe, Bwana Thaddeus Crane-Mobley, alishatua tangu jana yake. Kisha ukungu ukakaa bondeni, ule wa kwetu, unaofika kama mgeni aliyekuja na sanduku. Ndege ya wageni ilizunguka, ikazunguka, ikageuza. Mechi ikafutwa. Rais akasema anataka kuondoka mara moja, tukamkimbiza kiwanja cha ndege, na magari ya televisheni yakatufuata kwa kukosa cha kuonyesha.

Maegesho yalikuwa yamejaa magari ya shamba. Ndani ya banda la ndege ya kunyunyizia dawa, mwenye banda alikuwa ameitoa ndege yake nje. Wavu ulikuwa umefungwa, mistari imebandikwa sakafuni, na refa aliyekuwa anangoja ndege ile ile ya asubuhi alikuwa na filimbi mdomoni. Miji yote miwili ilikuwa imeketi juu ya marobota ya majani makavu. Mama Tangen alikuwa mbele kabisa, na viatu vyake vya shambani.

"Nani ameruhusu hiki kitu?" akauliza Dk. Whitlock.

"Kanuni ya Kumi na Moja," akasema Darlene Kupka, kocha wetu wa mpira wa wavu, bila kumtazama. "Hapa si kwetu wala kwao. Kaa chini, Preston, unaziba watu."

Alitaka kusema neno. Lakini mama wa televisheni alikuwa ameshapandisha kamera begani, na taa nyekundu ikawaka. Mkurugenzi akanyoosha tai.

"Mechi hii," akaiambia nchi nzima, "nimeiandaa mimi binafsi, nikishirikiana na Rais wa Umoja."

Bwana Crane-Mobley aliposikia ametajwa akasogea kwenye picha. "Tumekuwa pamoja kila hatua," akasema.

Nyuma yao mabinti walikuwa wanasalimiana chini ya wavu.

"Shosti, aproni umekuja nayo au utaazima ile ya mwaka jana?" akauliza Marisol.

"Nimekuja na yako. Nimekupigia na pasi."

Nakiri nilisahau kuketi. Walicheza mpaka seti ya mwisho, pointi kwa pointi. Mara Marisol akaruka, akapiga mpira wa kuua, na Solveig akajitupa kifudifudi kwenye saruji, akauinua. Mpira ukaenda juu sana, taratibu, ukashuka upande wa Tolbin mahali ambapo kila mmoja alidhani mwenzake atauokoa, ukagusa chini. Mama Tangen alilia waziwazi, na mimi nilikuwa nimemkumbatia mtu wa Tolbin nisiyemjua.

Asubuhi yake, kituo cha zimamoto cha Hessler kilinukia siagi. Marisol alikuwa anageuza pankeki, Solveig anakula polepole, akimtolea macho. Kwenye sinki, mikono imezama povuni, walikuwa Dk. Whitlock na Rais wa Umoja wa Vyuo vya Atlantiki. Walitangaza wenyewe kwamba ndio waandaaji, na nchi nzima ilisikia.

Kocha Kupka akaja na habari za televisheni. Hakuna mechi ya Mpira msimu huu iliyotazamwa na watu wengi kama ile ya bandani.

"Randall," akaniita, "nisomee Kanuni ya Saba."

Nilisoma. Nilitafuta mwanya, sikuuona. Ile kanuni niliiandika vizuri sana.

"Basi mpira wa wavu umeamua kucheza na Tolbin na majirani wa bondeni," akasema Kocha. "Kwa basi la njano. Michezo mingine ifuate."

Sahani ikamponyoka Mkurugenzi. "Mpira haupandi basi la shule, Darlene."

"Utapanda. Saa kumi na mbili asubuhi, na kila mtu na sandwichi yake."

Solveig aliinuka, akafungua begi lake, akatoa mto uliochakaa kwa safari za Atlantiki. Mikono ya Mkurugenzi ilikuwa na povu, kwa hiyo akamchomekea mto huo kwapani.

"Viti vigumu, Mkurugenzi," akasema, akarudi kuongeza shira.