Nilivyokimbia na nyaya usoni

Bandugu, leo nimejiharibia jina. Tena mchana kweupe, hapa Butembo, mbele ya bibi niliyemuoa.

Tangu tukimbie vita kule Mutwanga, kichwa kinanizunguka. Naandika ubaoni, ubao unaondoka. Juzi nilianguka mbele ya batoto ba darasa la ine! Bibi yangu Masika akasema: "Kesho kwa munganga. Hapana kungojea uanguke kwenye barabara."

Basi leo tukaenda. Masika akabaki nje ya chumba na mutoto wetu. Daktari akanilaza, akanibandika vidude vyenye nyaya: kimoja kando ya kila jicho, kingine kwenye paji la uso. Nyaya zikaingia kwenye mashine.

"Mwalimu, fuata mwangaza wa kataa haka kadogo na macho tu. Kichwa hapana. Mashine itaandika namna macho inatembea, tujue kizunguzungu inatoka wapi."

Akafanya giza. Kataa kekundu kakaenda kushoto. Nikafuata. Kulia. Nikafuata. (Mwanafunzi muzuri kabisa.)

Mara, huko nje: PAA!

Sikufikiri kitu. Miguu ndiyo ilifikiri. Nyaya zikang'oka kwenye mashine, lakini usoni zikabaki. Nikatokea kwenye koridoo nikilia: "Banakuya! Mukimbie! Banakuya!"

Hakuna aliyeuliza ni nani anakuja. (Huku kwetu hatuulizagi.) Mama mumoja akang'oa sindano ya serumu mkononi. Muzee wa mguu wa plasta akanipita! Kwenye benchi kulikaa mutu na mutoto. Nikawaruka.

Kwenye lango nikamkuta motari amechuchumaa kando ya pikipiki yake. Akaangalia nyaya zinazoning'inia usoni mwangu.

"Mwalimu, ni pneu ya gurudumu imepasuka."

Hakuna aliyecheka. Nyuma yangu watu walikuwa wamelala chini. Yule mama wa serumu alikuwa anatoka damu mkononi. Nikamuomba musamaha.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Hata mimi nilisikia masasi ya bunduki."

Halafu Masika akatoka, polepole, mutoto mgongoni, viatu vyangu mkononi. Hapo ndipo nilijua ni nani nimeruka kwenye benchi.

"Donc," akasema, "ni kusema sisi tungebaki hapa nyuma?"

Nikapokea viatu. Daktari alinirudisha kitandani, akaanza upya. Anasema macho yangu inatembea vizuri sana. (Lakini bibi na mutoto kwenye benchi haikuona.)

Kama munacheka, mucheke huko kwenu. Hapa nyumbani, Masika hajacheka bado.