Ushindi Wetu wa Agosti Ufutwe

Corliss, Iowa
14 Machi 2017

Kwa Bwana Brantley Oakes,
Meneja Mkuu wa timu ya besiboli ya Corliss

Mheshimiwa Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba umeanza kuizoea baridi ya kwetu. Mimi ni Verla Stuckey, mjane wa Delmar Stuckey, yule aliyetundika namba kwenye ubao wa matokeo wa uwanja wetu kwa miaka thelathini na minane. Tulionana mara moja tu, kwenye mazishi yake. Ulinipa pole kwa maneno mazuri, ukanipa na fulana yenye picha ya kambare.

Nakuandikia kuomba jambo moja. Naomba ushindi wetu wa Jumapili, tarehe 28 Agosti mwaka jana, ufutwe.

Najua kwamba ndio uliotupatia ubingwa wa ligi yetu ndogo, wa kwanza tangu mwaka 1958. Najua pia kwamba bendera ya ubingwa inapepea juu ya kibanda cha soseji. Naomba ishushwe, ikunjwe vizuri, ipelekwe Prairie Fork kwa wapinzani wetu, ambao bila mchezo ule wangekuwa mabingwa. Barua ya kuwaomba radhi niko tayari kuiandika mwenyewe, maana mwandiko wangu unasomeka.

Sababu zangu ni hizi.

1. Uliliambia gazeti letu kwamba ubao wa Delmar utabomolewa Jumamosi ya tarehe 25 na mahali pake itawekwa skrini ya umeme. Ulisema ubao ule haufai tena, kwa kuwa siku ya mchezo wa ubingwa ulionyesha nne kwa nne hali tulikuwa tumeshinda tano kwa nne. Ukayaita "makosa ya kibinadamu."

Bwana Oakes, mimi nilimaliza sekondari ya hapa hapa Corliss, sikuendelea. Lakini najua kwamba penye makosa ya kibinadamu pana binadamu, na binadamu huyo ana jina. Jina lake sasa limechongwa kwenye jiwe, na wapita njia wanalisoma. Sitaki wasome huku wanakumbuka gazeti.

Delmar hakukosea kwa miaka thelathini na minane. Sisemi hivyo kwa sababu ni mume wangu. Kama mume alikosea mengi. Aliwahi kupaka rangi mlango wa jirani akidhani ni wetu. Lakini kwenye ubao hakukosea. Kwa hiyo, kama ubao na ushindi havipatani, na ubao haukosei, basi kilichokosea ni ushindi.

2. Kushinda si desturi yetu. Huenda hukuambiwa ulipokuja, kwa hiyo nakueleza. Besiboli ililetwa hapa mwaka 1911 na mwenye kiwanda cha vifungo vya magamba ya kome. Aliona wakata vifungo wake wanashinda kilabuni kila Jumapili, akawapa fimbo na mpira ili waache pombe. Wakachukua fimbo na mpira, na pombe hawakuacha. Ndivyo timu ya Wakata-Vifungo ilivyozaliwa. Plastiki ilipokuja kiwanda kikafa, timu ikabaki, kama paka anavyobaki nyumba ikihamwa.

Tangu hapo tumekuwa watoto wa kambo wa klabu kubwa saba, moja baada ya nyingine. Kila moja ilipokuja ilituambia kwamba sisi ni familia, na kila moja ilipoondoka ilituma barua ya mistari minne. Utaratibu wao unaujua kuliko mimi. Kijana akiweza kupiga mpira, anapandishwa daraja na kuchukuliwa, wakati mwingine katikati ya chakula cha jioni. Asiyeweza, tunaachiwa. Miaka yote hiyo mji huu umekuwa shamba la watu wengine: nafaka inakwenda mjini, sisi tunabaki na makapi. Nasi tumeyapenda makapi yetu. Daktari wangu wa meno ni mchezaji wa zamani aliyeshindwa kabisa kuupiga mpira wa kupinda. Fundi bomba wetu alikuwa mrushaji hadi bega lilipoteguka. Corliss haijawahi kubaki na nyota hata mmoja, lakini haijawahi kukosa fundi bomba.

Tangu tushinde, watu hawavumiliki. Kwa msusi wangu hawazungumzi kitu kingine. Mchungaji ameitia bendera katika mahubiri mara tatu. Niliposema kanisani kwamba ningependa ushindi ufutwe, watu walihamisha viti vyao kidogo kidogo, hata nikabaki na nafasi ya kutosha kunyoosha miguu.

3. Jina. Hatukuulizwa. Tuliondoka uwanjani mwaka juzi tukiwa Wakata-Vifungo, tukarudi tukakuta sisi ni Kambare Wenye Hasira. Delmar alivua kambare tangu utotoni, na alisema hajapata kumwona mwenye hasira. Wote wana sura ya mtu aliyesahau kwa nini ameingia chumbani.

Kwenye mazishi mlimleta huyo mtu anayevaa vazi la kambare kuchekesha watazamaji. Alisimama nyuma kabisa, na jeneza lilipopita akavua kichwa kwa heshima, akakishika kifuani. Namshukuru. Lakini wajukuu wa dada yangu walicheka wakashindwa kuacha, nami nilikuwa nimeketi mbele, nikahesabu maua ili nisigeuke.

4. Sasa nije kwenye ubao wenyewe, maana nadhani hujawahi kuingia ndani.

Uko nyuma ya uzio wa upande wa kushoto. Una matundu tisa kwa kila timu, tundu moja kwa kila zamu ya kupiga, na mwisho tundu la jumla. Namba ni mabati aliyoyapaka rangi mwenyewe. Bati la namba tisa lilipotea mwaka 1994, akawa anatundika sita kichwa chini, na hakuna aliyejua ila mimi na wewe sasa. Ndani kuna kiti cha miguu mitatu, ngazi na tundu la kuchungulia. Kila mchezo nilimfungia mkate wenye nyama ya nguruwe, matango ya siki na chupa ya kahawa. Zamu ya tatu ikiisha, alitoa mkono kwenye tundu la nne, ambalo lilikuwa bado tupu, akanipungia. Mimi hukaa upande wa kituo cha tatu, safu ya sita. Mbele ya watu mia tatu alikuwa akinipungia mimi, na wengine walidhani anafukuza nyuki.

Alikuwa mwepesi. Mchezaji alipogusa bamba la nyumbani na pointi kupatikana, kabla vumbi halijatulia, namba ilikuwa imeshatundikwa. Jirani yetu Harlan Dietz, ambaye ana sauti kuliko adabu, alikuwa na mzaha wake mmoja. Namba ikichelewa hata kwa pumzi moja, alipaza sauti: "Delmar! Umelala humo, mzee?" Na mkono ungetoka na namba, kisha ungerudi kumwonyesha Harlan ishara ambayo siwezi kuiandika katika barua rasmi.

Mtu wa namna hiyo, Bwana Oakes, anawezaje kusahau pointi nzima? Hawezi. Kwa hiyo pointi haikuwepo.

5. Huyo anayedaiwa kuleta pointi ya tano ni Yunior Paredes. Alikaa kwetu msimu mzima, kama wachezaji wengine kumi na wanane kabla yake, katika chumba kilichokuwa cha cherehani. Delmar alimfundisha kuendesha gari kwenye barafu, naye akamfundisha Delmar kula ndizi za kukaanga. Mwezi wa Septemba mlimpandisha daraja. Oktoba alinipigia simu, nami nikamuuliza kama kweli aligusa bamba siku ile.

Akasema, "Mama Verla, niligusa. Nilinyanyua kichwa nimtazame mzee akitundika namba."

Ni kijana mzuri na hana uongo. Lakini ana miaka ishirini, na watu wa miaka ishirini hudhani wamefika kabla ya kufika.

6. Sheria iko upande wangu. Zamu tano zikishatimia na mvua ikauvunja mchezo, aliye mbele ameshinda. Lakini wakiwa sare, mchezo huahirishwa na huendelezwa siku nyingine pale pale ulipokomea. Ubao unasema nne kwa nne. Basi mchezo wa tarehe 28 Agosti haujaisha.

Na kama haujaisha, mambo kadhaa yanafuata, nami nayaandika kwa masikitiko kwa kuwa najua yatakusumbua. Yunior arudishwe kutoka huko mlikompeleka, asimame kituo cha tatu, wawili wakiwa wameshatolewa. Mrushaji wa Prairie Fork, ambaye nasikia sasa anauza matrekta, aitwe. Watazamaji wote warudi kwenye viti walivyokaa. Ninayo orodha ya safu yangu. Msimu mpya usifunguliwe Aprili, kwa sababu timu haiwezi kuanza mchezo mwingine ikiwa katikati ya mmoja. Na kwa kuwa ubao unatumika, asiuguse mtu. Wala tarehe 25, wala tarehe nyingine. Kama klabu kubwa inayotumiliki kwa sasa itachukia na kutuacha, hilo nalo tumelizoea. Tutaisubiri barua ya mistari minne.

7. Nilikuja ofisini kwako kueleza haya kwa mdomo. Ulikuwa umesafiri. Binti aliyekuwa mezani alinipokea vizuri, akanipa maji, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Lakini Bi Verla, si ni mbao tu zile, mama yangu?"

Simlaumu. Ni mgeni kama wewe, na kutoka dirishani kwenu zinaonekana mbao. Lakini kama ni mbao tu, zilikosea vipi? Mbao hazina makosa ya kibinadamu. Chagueni moja: au mle ndani mlikuwa na mtu, mumheshimu, au hamkuwa na mtu, mfute mlichosema gazetini.

Sina zaidi, Mheshimiwa. Sitaki fulana nyingine, na sitaki kiti changu kipewe jina. Nataka tu mji huu uache kushinda kwa gharama ya mtu ambaye hawezi kujibu.

Nisalimie binti wa mezani, na mkata nyasi, na mama wa kibanda cha soseji aliyekuwa akimfichia Delmar soseji ya mwisho. Msalimie aliyevaa kambare. Mwambie alivua kichwa kwa wakati uliofaa. Harlan Dietz nitamsalimia mwenyewe, ingawa tangu Agosti hapazi sauti tena, na akiniona dukani hujifanya anasoma bei.

Wako mwenye subira,
Verla Stuckey (Bi)

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nikaifungua tena. Nilitaka kukuwekea nakala ya ukurasa wa daftari langu iwe ushahidi. Sisi tuliokulia uwanjani huandika mchezo wenyewe kwa penseli, kila mpigaji na kisanduku chake, na anayezunguka vituo vyote akafika nyumbani, almasi ndogo katika kisanduku chake hupakwa nyeusi. Daftari hilo sikuwa nimelifungua tangu siku ile.

Zamu ya sita, kisanduku cha Yunior, almasi imepakwa. Penseli ni yangu na mkono ni wangu.

Nilimwona akigusa bamba, Bwana Oakes. Nadhani nimelijua hilo muda wote. Nilipaka almasi, nikanyanyua macho kulitazama tundu la sita. Likabaki tupu. Harlan akapaza sauti, "Delmar! Umelala humo, mzee?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Mvua ikaanza. Watu wakakimbilia chini ya paa, mimi nikabaki kwenye kiti nikiungoja mkono. Daktari aliniuliza baadaye Delmar aliondoka saa ngapi, nikashindwa kumjibu. Ningemwambia: zamu ya sita, wawili wameshatolewa, tunaongoza.

Kwa hiyo tulishinda. Na Delmar hakukosea, maana aliyeondoka hakosei.

Bendera iacheni pale ilipo. Jumamosi mnaweza kubomoa. Ila kabla hamjaanza, naomba mtu mmoja apande ngazi, atundike moja kwenye tundu la sita na tano kwenye jumla. Bati la moja liko kwenye msumari wa kwanza karibu na mlango. Alilitundika hapo ili alifikie kwa mkono bila kuinuka. Nitakuwa kwenye kiti changu, safu ya sita, na Harlan nitamleta, hata kwa kumvuta.

Namba ikishakaa, mtukumbuke, kisha mbomoe.