Kusukuma Hewa Kuelekea Hong Kong

Jumamosi, 28 Juni 1997

Nimeapa: humu nitaandika yote, na ya aibu nitayaandika kwanza. Ya leo ni haya. Nimeshindwa tena uchaguzi wa mwenyekiti wa Chama cha Mdahalo. Nthenya amepata kura zote isipokuwa yangu. Hata Emily, rafiki yangu anayelala kitanda kilicho juu ya changu, amempa yake. Anasema mimi nikisimama mbele ya watu naganda.

Basi nigande kwa faida! Maktabani nimepata jarida la zamani lenye picha za tai chi. Wazee wa Kichina wanasogea polepole kama watu wanaotembea ndani ya maji. Maelezo yanasema kilicho laini hukishinda kilicho kigumu. Nimefikiri sana. Jumanne Mwingereza anairudisha Hong Kong kwa Uchina bila hata risasi moja. Sisi kumtoa huku ilibidi watu waingie msituni. Tofauti ni nini? Wenzetu walikuwa na tai chi!

Nitaanzisha chama changu. Nthenya ataona.

Jumatatu, 30 Juni

Wanachama tele! Mwalimu wa michezo amekubali kwamba atakayefanya tai chi asikimbie mbio za alfajiri. Nthenya amepita na taulo begani, akauliza kama tunawanga. Nimemjibu kwa ulaini. Yaani nimeganda.

Shida ni moja. Picha ya tano ni kusukuma hewa kwa viganja. Ukurasa wenye picha ya sita umechanwa. Nimeamua tubaki kwenye ya tano hadi kengele ilie.

Jumanne, 1 Julai

Siku ya Hong Kong. Kwa heshima tumeelekea mashariki. Bahati mbaya jiko la shule liko kati yetu na Uchina.

Tulisimama mbele ya mlango wake, viganja mbele, kimya kabisa. Festus, mpishi mkuu, akatoka na mwiko. Akauliza muthokoi wake wa mahindi na maharagwe una nini. Hatukujibu, maelezo yanakataza kusema. Akasema jana tuliula wote, na wadudu walikuwa wachache tu. Kimya. Akatupa mwiko, akakimbia kwa Madam Kamanthe, mwalimu mkuu, akipiga kelele kwamba wasichana wamegoma!

Ole wangu. Nairobi watu wanaandamana kudai katiba mpya. Shule fulani ya wavulana ilivunja madirisha muhula uliopita. Madam akisikia neno mgomo hutafuta mtu wa kufukuza. Akauliza kiongozi ni nani. Vidole vyote kwangu. Cha Emily kilitangulia.

Kesho nije na mzazi. Ikithibitika ni mgomo, ninafungasha sanduku.

Jumatano, 2 Julai

Baba alifunga duka lake la vitambaa mjini, akaja na kanzu ya Ijumaa. Madam akaniamuru nionyeshe hiyo tai chi. Nikaonyesha, polepole, hadi ya tano, viganja vikielekea uso wake. Akauliza ni nini kinachofuata. Nikasema sijui. Tukabaki hivyo, mimi na yeye, tukitazamana.

Nthenya akaitwa atoe ushahidi, maana ni kiranja. Nikajua nimekwisha. Kumbe alicheka mpaka akashika ukuta.

"Madam, huyu Nuha? Aongoze mgomo? Huyu hawezi kuongoza hata foleni ya chai! Hao walikuwa wanakwepa kukimbia tu."

Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile. Nilitaka kumkumbatia.

Lakini Baba aliumia. Akasimama wima. "Mwalimu, binti yangu ana akili! Akitaka kugomesha shule hii, ataigomesha yote, na nyinyi walimu ndani!"

Nikamkanyaga kiatu. Si kwa ulaini.

Madam akavua miwani. Akasema asiyejua kumaliza zoezi hawezi kuanza mgomo, na nirudi darasani upesi kabla hajabadili nia. Alhamdulillahi! Nilimsindikiza Baba hadi langoni, bado akinung'unika kwamba wamenidharau.

Alhamisi, 3 Julai

Nimelala kama gogo. Nimeamka, bado niko shuleni! Chama kimefungwa, alfajiri tumekimbia sote, Emily hanisemeshi. Sijali. Nimepumua.

Tena fikiria: juma moja, Hong Kong imerudi kwao, mimi nimebaki shuleni, na hakuna kilichoumia ila kidole cha mguu wa Baba. Ulaini unafanya kazi.

Sasa ni lazima tumshukuru Madam. Nikisema kwa maneno nitaganda. Kwa hiyo nimepanga hivi: kesho, kabla ya kengele ya alfajiri, kidato chetu kizima tukae chini mbele ya nyumba yake, kimya, kila mmoja na mshumaa. Nimeshawaambia wenzangu kwamba atakayekuja hatakimbia. Wamekubali wote!

Jambo moja tu linanitatiza, shajara yangu, nawe nijibu kabla taa hazijazimwa: je, tukae tukielekea mlango wake, au dirisha la chumba anacholala?